Orval Stegman na Kokoto Alizozimwagilia Maji

Jumanne moja ya mwezi wa tano, yapata saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa napita na fimbo yangu hapa mtaani kwetu Sage Hollow, nje kidogo ya mji wa Mesa, nikamkuta jirani yangu Orval Stegman amesimama mbele ya nyumba yake na mpira wa maji mkononi, anamwagilia mawe. Si maua, wala si mti. Kokoto tupu, kuanzia ukingo wa barabara hadi barazani, naye anazinyunyizia taratibu, huku na huku, kama mtu anayewatupia kuku mtama.

"Orval," nikamwambia, "zitaota lini?"

Hakucheka. Orval ninayemjua mimi angecheka, kisha angenirudishia utani mbaya kuliko wangu.

"Pita, Delbert," akasema. "Pita kabla sijakumwagia na wewe."

Sikupita. Miguu yangu siku hizi inapenda kila kisingizio cha kusimama. Tena nilikuwa najua kisa chote, ila sikuamini kwamba kingefika hapo. Mtu hamwagilii mawe bila sababu, hata huku kwetu jangwani ambako jua likikushika vizuri unaweza kuanza kuzungumza na sanduku la barua.

Orval alikuwa fundi wa mabasi ya shule miaka thelathini na mmoja. Ni mtu wa kupima mara mbili. Akisikiliza injini hufumba macho, na mkewe Lorene husema kwamba hata pai mume wake huikata kana kwamba anakata bati. Walinunua nyumba yao mwaka mmoja kabla sisi hatujanunua yetu, na kama sisi, siku ya kukabidhiwa funguo walipewa kitabu cha kanuni za chama cha wenye nyumba, wakasaini. Hakuna aliyekisoma. Tulisaini wote kama watu wanaosaini kadi ya rambirambi inayozungushwa kazini.

Ndani ya kitabu hicho imeandikwa kwamba mbele ya kila nyumba kuwe na nyasi, ziwe fupi, ziwe za kijani, miezi yote kumi na miwili. Mvua zetu ni za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo mtu unakuwa na nyasi za aina mbili. Kiangazi una ukoka. Baridi ikija ukoka unalala, unakuwa rangi ya gunia, basi mwezi wa kumi unaunyoa hadi mfupa na kumwaga mbegu za nyasi nyingine za baridi. Hizo nazo zinakufa mwezi wa tano, ukoka unaamka, unaanza upya. Ni sawa na kufuga wanyama wawili katika zizi moja, wote wanakunywa tu na hakuna anayetoa maziwa.

Orval aliufuga huo mradi miaka ishirini bila kulalamika sana. Halafu, mwaka juzi mwezi wa saba, akaanguka nyuma ya mashine ya kukatia nyasi. Mashine ikaendelea peke yake hadi kwenye sanduku la barua la watu wa jirani. Hospitali wakamwekea kidude cha kuusaidia moyo, na daktari akamwambia mashine ile asiiguse tena. Ikabidi akodi watu. Watu wanataka malipo, mbegu zinataka malipo, na maji ndiyo usiseme. Kiangazi kile ilifika mahali bili ya maji ya Stegman ikaipita ya chakula. Pensheni ya fundi na ya mpishi wa kantini ya shule, maana Lorene alikuwa mpishi, haiwezi kubeba hayo kila mwezi.

Binti yao Joleen anaishi mbali, mji wa Omaha. Ana chumba chini ya nyumba, kimejengwa ardhini nusu, kina dirisha dogo juu karibu na dari. Akawa anapiga simu kila Jumapili. "Mama, njooni tu. Uzeni. Chumba kipo."

Lorene alinisimulia akiwa anamenya viazi, na kila kiazi kilikuwa kinapata kipigo chake. "Delbert, mimi sijafika miaka sabini na mbili ili nikae shimoni nitazame soksi za watu wakipita dirishani."

"Kwa hiyo mtafanyaje?"

"Nyasi ziondoke," akasema, "la sivyo tutaondoka sisi."

Chama kilikuwa kimeanza kuruhusu kokoto na mimea ya jangwani mahali pa nyasi, ila kwa kibali cha kamati. Mwenyekiti wa kamati ni Bibi Coralee Dunphy. Zamani alikuwa mtunza daftari la mahudhurio katika shule ya sekondari, na uenyekiti aliupata kwa sababu siku ile hakuna mwingine aliyeinua mkono. Miaka tisa sasa hajapata wa kumpokea. Kila Jumanne ya pili ya mwezi huzunguka mtaa saa tatu asubuhi kwa kigari cha gofu, kibao cha kuandikia kipo magotini, macho kushoto, macho kulia. Si mtu mbaya. Mke wangu alipokuwa mgonjwa alituletea supu siku nne mfululizo, na siku ya tano akatuletea barua kwamba pipa letu la taka linaonekana kutoka barabarani.

Fomu ya kibali ina kurasa kumi na moja. Orval akaijaza kwa kalamu ya wino, akachora ramani kwa rula, akaweka mkonge wa mapambo pale, mpungate pale, na mti wa miiba wenye gome la kijani hapa karibu na baraza. Ikarudishwa. Mimea haikuandikwa majina. Akaandika majina. Ikarudishwa. Mimea yote ilichorwa ukubwa mmoja, ilhali inatakiwa ichorwe kwa ukubwa itakaokuwa nao ikishakua.

"Ikishakua!" Orval akapiga kelele jikoni kwao, mimi nikiwa na kahawa mkononi. "Mimi mwenyewe mama yangu hakujua nitakuwa na ukubwa gani!"

"Alijua," Lorene akasema. "Ndiyo maana aliacha kuzaa."

Akachora tena. Safari hii wakaandika: ramani ni nzuri, lakini sampuli ya kokoto iko wapi? Chama kinaruhusu rangi tatu tu, nazo zimechapishwa kwenye karatasi, na Orval alitaka ya kahawia. Basi tukapanda gari lake, mimi na yeye, tukaenda kwa muuza mawe, bwana mmoja anaitwa Ramiro, ana uwanja mkubwa wa vilima vya kokoto karibu na barabara kuu.

Mnajua vumbi la huku. Muuza mawe akiacha vilima vyake vikavu, upepo utamletea malalamiko ya jiji zima. Kwa hiyo kwa Ramiro mabomba yananyunyiza maji kutwa nzima, kila kilima kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Orval akazunguka na karatasi yake ya rangi, akaiweka juu ya kilima hiki, akakunja uso, akaiweka juu ya kile. Kilima namba tisa kikalingana sawasawa. Kahawia ile ile. Akaangalia mara mbili, kwa jicho la kulia na kwa jicho la kushoto.

"Hii," akasema.

"Una hakika, mzee?" Ramiro akamuuliza.

"Nimepima."

Akachota kiganja kimoja, akatia katika mfuko wa nailoni, akafunga fundo, na tukaenda moja kwa moja hadi ofisi ya chama iliyo kando ya bwawa la kuogelea. Bibi Dunphy akauinua mfuko dirishani. Ndani kulikuwa na jasho la maji. Akalinganisha na karatasi yake, akatikisa kichwa kukubali, akaubana mfuko kwenye fomu kwa stepla, ta, ta, ta, pini tatu. Kesho yake kamati nzima ikautazama. Kibali kikatoka.

Sisi watu wa jangwani, nguo tukianika zinakauka kabla hujamaliza kubana vibanio. Mkate ukiuacha mezani unakuwa tofali. Lakini hakuna hata mmoja wetu, si Orval, si Bibi Dunphy, si mimi niliyekuwa nimesimama pale na maoni yangu yote, aliyewaza kwamba jiwe nalo hukauka.

Pesa za akiba zikaenda. Watu wakaja wakang'oa ukoka, wakatandika kitambaa cheusi cha kuzuia magugu, wakapanda ile mimea ya kwenye ramani. Kokoto zikaletwa na tipa Ijumaa, tani kumi na moja, zikamwagwa kwenye njia ya gari. Kanuni inasema rundo lisikae zaidi ya siku mbili. Orval haruhusiwi kuinua kitu kizito, kwa hiyo alishika reki akasawazisha, na sisi majirani tukashika mabeleshi na matoroli. Lorene alituletea chai ya barafu na maharage na mkate wa mahindi, akatusimamia kama tunajenga reli. Jumapili jioni tukamaliza. Orval akaziosha vumbi kwa mpira. Zikawa kahawia nzuri, nzito, kama udongo wa shamba lililolimwa. Akasimama akazitazama muda mrefu.

"Lorene," akasema, "mwambie Joleen chumba chake aweke maboksi."

Jumatatu asubuhi nikasikia mtu ananigongea mlango. Lorene, katika gauni la kulalia na viatu vya bustani.

"Njoo uone," akasema. "Usiseme kitu. Njoo tu."

Kokoto zilikuwa zimekauka. Zilikuwa rangi ya waridi. Si waridi iliyofifia, ya kubishania. Ya ufizi wa mtoto mchanga. Uwanja mzima unacheka bila meno.

Orval alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, jiwe moja kiganjani. Akalilamba. Pale ulimi ulipopita pakawa kahawia. Tukalitazama wote watatu, na mbele ya macho yetu likarudi kuwa waridi.

"Nilipima," akasema.

Barua ya chama ikafika baada ya Jumanne ya kwanza ya ukaguzi. Rangi hailingani na kibali. Aondoe kokoto au abadilishe ndani ya siku thelathini, baada ya hapo faini kila siku. Orval akamfuata Ramiro. Ramiro akamsikiliza kwa heshima, akavua kofia, lakini alichosema ni kile kile ambacho mimi ningesema.

"Mzee, jiwe likikauka linarudi lilivyozaliwa. Nilikuuliza kama una hakika."

"Ungeniambia!"

"Ulikuwa na karatasi. Mtu mwenye karatasi haambiwi kitu."

Kuziondoa tani kumi na moja na kuleta nyingine ni pesa ambazo hazikuwepo tena. Jumapili ile Joleen alipopiga simu Lorene hakubishana naye. Alisema tu, "Dirisha lenyewe linafunguka?" Orval alisikia kutoka sebuleni. Aliniambia baadaye kwamba swali lile lilimuuma kuliko kidude cha moyo.

Ndipo akaanza mambo ya mpira. Jumanne ya ukaguzi, saa mbili na nusu, anatoka anazilowesha zote. Saa tatu Bibi Dunphy anapita na kigari chake, anasimama, anazitazama. Kahawia. Anaandika. Anaondoka. Saa nne zimeshakuwa ufizi.

Hiyo ndiyo asubuhi niliyomkuta. Mtu aliyeng'oa nyasi ili aache kununua maji, sasa ananunulia mawe maji.

"Utafanya hivi mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka afe au nife."

"Ana miaka sitini na mitano, na anaogelea kila siku."

"Basi najua ninakoelekea," akasema, akaendelea kumwagilia.

Ikafaulu mara mbili. Mara ya tatu akazidisha, maji yakateremka hadi ukingo wa barabara, yakatengeneza kijito kidogo mbele ya magurudumu ya kigari cha gofu. Bibi Dunphy akakitazama kijito, akamtazama Orval aliyejificha nusu nyuma ya mti wa miiba ambao bado ulikuwa mwembamba kuliko yeye. Akaandika, akaondoka. Barua ikafika Ijumaa. Kupoteza maji barabarani, faini. Na suala la rangi, ambalo sasa limedhihirika, litasikilizwa na kamati siku ya Alhamisi.

Tulienda. Lorene alivaa gauni la kanisani. Wajumbe watano walikaa nyuma ya meza ndefu, kiyoyozi kinavuma, na kwa dirisha unaona watu wanaogelea.

"Bwana Stegman," Bibi Dunphy akaanza, "kibali chako kinasema kahawia. Mbele ya nyumba yako kuna nini?"

"Kuna mawe yale yale mliyoyapitisha."

"Tulipitisha ya kahawia."

"Na mimi nilileta ya kahawia!" Sauti ikampanda. Lorene akamshika kiwiko. "Bibi Dunphy, mimi si mwizi. Kama nimekosea nimekosea, lakini nataka nione nilipokosea. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kufunga injini bila kujua kilichoharibika. Mfuko wangu uko wapi?"

"Uko kabatini, ndani ya faili."

"Nauomba. Nitazame tu. Baada ya hapo mnifanye mnavyotaka."

Niliona hana ujanja wowote. Alidhani atakuta kahawia bado ina maji, ajue kwamba macho yake ndiyo yaliyodanganywa kule kwa Ramiro. Alitaka tu kulijua kosa kabla ya kuhamia shimoni kwa ajili yake.

Bibi Dunphy akafungua kabati, akatafuta herufi, akatoa faili. Fomu ya kurasa kumi na moja, na mfuko umebanwa juu yake. Akauweka mezani.

Zile pini tatu zilikuwa zimeutoboa mfuko. Miezi yote ile hewa ya kiyoyozi ilikuwa inaingia na kutoka. Kokoto ndani zilikuwa kavu kabisa, waridi, ufizi mtupu.

Nje mtu akaruka bwawani, pwaa. Mjumbe mmoja akavaa miwani.

"Si ndizo zile tulizopitisha?" akasema.

"Ndizo," akasema Bibi Dunphy. Alikuwa anazitazama pini. "Nilizibana mwenyewe."

"Lakini tulizipitisha zikiwa kahawia!"

"Tulizipitisha zikiwa mbichi, Norbert." Akageuza ukurasa wa mwisho, akaweka kidole juu ya sahihi, na sahihi ilikuwa yake. Alikuwa mtunza daftari maisha yake yote, na daftari lilikuwa linamsuta mwenyewe. Halafu akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Kamati imekagua sampuli iliyo katika faili na kuona kwamba kokoto zilizowekwa zinalingana nayo. Suala la rangi limefungwa."

Lorene akakaa chini, ingawa tayari alikuwa amekaa. Sijui alifanyaje.

"Na faini ya maji?" Orval akauliza.

"Faini ya maji inabaki."

"Nilimwagilia kwa sababu ya barua yenu ya rangi! Mngejua rangi ni sawa nisingemwagilia hata tone!"

"Ninaelewa, Bwana Stegman," akasema kwa upole, na naamini alielewa. "Lakini hilo ni faili lingine."

Njia nzima ya kurudi Orval alikuwa ananguruma. Ukisikia mtu aliyeshinda ananguruma vile utadhani kafiwa. "Hakuna hata samahani," alisema. "Miezi mitatu. Ningeweza kufa na mpira mkononi. Hata samahani!" Lorene alimwacha. Walipofika nyumbani alimpigia simu Joleen, ijapokuwa haikuwa Jumapili, akamwambia hawaji.

Mwezi wa kwanza tukaletewa kitabu kipya cha kanuni, kila mlango nakala yake. Safari hii nilikisoma. Ukurasa wa ishirini na mbili kuna mstari ambao haukuwepo: sampuli za mawe ziletwe zikiwa kavu. Lorene akaukata kwa mkasi, akaubandika kwenye friji.

"Wengine hupewa barabara au shule ya kuitwa kwa jina lao," akaniambia. "Wangu kapewa mstari."

Orval hakuona la kuchekesha, na mpaka leo haoni. Jumanne iliyopita nilipita tena, nikamkuta amekaa barazani, miguu juu ya kigoda, glasi ya chai mkononi, na mbele yake zile kokoto zimekauka waridi bila aibu. Saa tatu kamili kigari cha gofu kikaja. Bibi Dunphy akapunga mkono. Orval akainua glasi kidogo sana, kiasi cha kutoshtakiwa kwa kukosa adabu. Kigari kikapita, kikasimama, kikarudi nyuma.

"Orval," Bibi Dunphy akaita, "kuna jani pale, karibu na sanduku la barua. Naona kijani."

Akaweka glasi chini. Akateremka ngazi polepole, kidude chake na magoti yake, akafika, akainama, akavuta. Likatoka refu, lina mzizi kila kifundo, limepenya chini ya kitambaa cheusi na kupanda juu katikati ya mawe bila kumwagiliwa na mtu. Akaliinua kwenye jua tulione, mimi na Bibi Dunphy.

Lilikuwa ukoka.